Ahadi ni Deni, Hata Ahadi ya Intaneti

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia siku hizi kutoka kwa wananchi wa mijini, hakuna lililozoeleka kama hili: mtu amelipa fedha yake ya mwezi mzima, ruta imewasha taa zake zote ukutani, na intaneti haipo. Akipiga simu kwa wenye huduma huambiwa asubiri; akisubiri huambiwa azime na kuwasha; akizima na kuwasha huambiwa fundi atakuja. Fundi asipokuja, mwezi huisha, na ankara ya mwezi mwingine hufika kwa wakati wake bila kukawia hata dakika moja.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni shida ya wenye nafasi, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao. Mfanyabiashara mdogo hupeleka hesabu za kodi yake kwa mtandao. Fundi cherehani hupokea picha ya mshono kwa simu, na mama anayepika keki nyumbani hupata wateja kwa njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga ofisi na shule katika nchi nyingi za dunia, nyumba imekuwa kwa watu wengi ndiyo ofisi, ndiyo darasa, na ndiyo duka. Kitu kinachobeba kazi ya mtu, masomo ya mwanawe na kodi ya Serikali hakiwezi tena kuitwa anasa. Ni njia, kama barabara ilivyo njia, na njia ikikatika hatuna budi kuuliza ni nani aliyepewa kazi ya kuitunza.

Lakini kabla ya kulaumu, na tufahamu kwanza. Lawama isiyojua chanzo cha ugonjwa haimponyi mgonjwa.

NJIA YA BAHARINI

Kabla ya mwaka 2009 karibu mawasiliano yote ya intaneti ya pwani yetu na nchi za nje yalipita kwenye setilaiti zilizotundikwa angani kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi. Neno likitumwa lilipanda huko na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na safari hiyo peke yake ilikula karibu nusu sekunde. Bei yake nayo ilikuwa ya kutisha. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huo huo Kenya ilipata mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah katika nchi za Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy, wenye urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Mtunzini katika Afrika ya Kusini hadi Port Sudan. Ndani ya nchi, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliichukua neema hiyo kutoka pwani na kuipeleka mikoani na hadi mipakani mwa majirani zetu wasio na bahari.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na asiyeishukuru ni mtovu wa fadhila. Lakini tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, tulifundishwa somo. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili kwa wakati mmoja, katika pwani ya Afrika ya Kusini, baina ya Mtunzini na Maputo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ilikuwa ni bahati mbaya juu ya bahati mbaya, kwani miezi mitatu kabla, mnamo Februari 2024, mikongo mitatu ilikuwa imekatika katika Bahari ya Sham, na ikadhaniwa kuwa iliburutwa na nanga ya meli Rubymar iliyopigwa na Wahouthi wa Yemeni. Basi njia ya kaskazini ilikuwa tayari mgonjwa pale njia ya kusini ilipoanguka.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Lakini katika mambo haya, taifa lenye njia moja ndilo linaloshindwa. Na taifa lenye njia mbili zinazopita sehemu moja ya bahari, zinazoweza kukatwa na tukio moja, lina njia moja tu, ijapokuwa ramani yaonyesha mbili. Mikongo mipya iliyofika Afrika ya Mashariki baada ya ile ya kwanza, kama PEACE uliotua Mombasa mwaka 2022, yapunguza hatari hiyo, lakini kwa kampuni iliyonunua nafasi humo tu. Mwananchi ana haki ya kumwuliza anayemwuzia huduma: je, mkongo mmoja ukikatika, wewe unayo njia nyingine uliyokwisha kuilipia, au utaniandikia ujumbe wa kuniomba radhi?

NJIA YA MTAANI

Hata hivyo tusiitwike bahari mizigo yote. Siku ambazo mkongo wa baharini umekatika ni chache, na siku ambazo intaneti ya nyumbani imelala ni nyingi. Sababu za zile nyingi ziko mtaani. Greda la kuchonga barabara hukata waya uliozikwa kina kifupi, pasipo alama na pasipo ramani. Lori refu hukokota nyaya zilizoning'inia juu ya njia. Umeme ukikatika, ruta ya nyumbani huzimika, na kisanduku cha mtaa kisicho na betri nzima huzimika pamoja nayo.

Na iko sababu moja isiyosemwa waziwazi. Kampuni hainunui kasi ya kumtosha kila mteja kwa wakati mmoja. Hununua kiasi fulani na kuwagawia wengi, kwa kuwa si wote wanaoitumia saa ile ile. Jambo hili si wizi, nalo ndilo linaloshusha bei. Lakini daladala ya viti thelathini inaweza kuchukua watu arubaini wakivumiliana. Ikichukua watu mia haiendi. Saa mbili ya usiku, watu wamerudi makazini, watoto wanatazama katuni na wakubwa wanatazama mpira, ndipo daladala hiyo inapokwama. Mteja akilalamika, huonyeshwa neno dogo lililoandikwa katika mkataba wake, yaani neno "hadi". Aliuziwa kasi ya "hadi" megabiti kadhaa. Moja nayo imo ndani ya "hadi" kumi.

Tuseme pia neno la haki kwa upande wa pili, kwani baadhi ya malalamiko huzaliwa na kutoelewa vipimo. Kasi ya mtandao huuzwa kwa megabiti, na ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Mtu aliyenunua megabiti 10 kwa sekunde, akizipata zote kamili, hupokea megabaiti moja na robo kwa sekunde. Basi faili ya megabaiti 750 itamchukua dakika kumi, naye hakuibiwa kitu. Na wako wanaoficha ruta ndani ya kabati, nyuma ya kuta mbili za zege, kisha wakailaumu kampuni kwa kuwa chumbani hakuna mawimbi. Kabla ya kulalamika, mtu na aunge kompyuta yake kwenye ruta kwa waya, apime kasi asubuhi, apime tena usiku, na aandike alichokiona. Malalamiko yenye tarehe, saa na kipimo hayajibiwi kwa maneno ya "zima na kuwasha".

KUTAFUTA MBADALA

Mtu aliyechoka kungoja hutafuta pengine. Je, ni wapi?

Wa kwanza kumkimbilia ni kifurushi cha simu. Kifurushi huokoa siku, lakini hakilishi nyumba, kwani huuzwa kwa kiasi na kwa muda: data ikibaki na siku zikaisha, imekwenda. Wananchi hawajasahau Aprili 2021, pale bei mpya za vifurushi zilipotoka na kilio kikawa kikubwa nchini hata Serikali ikazisimamisha. Kilio kile kilionyesha kwamba kwa mtu wa kawaida kifurushi kimekwisha kuingia katika hesabu ya unga na mafuta ya taa.

Wa pili ni ruta ya laini ya simu, inayotumia mnara badala ya waya. Mahali ambapo waya haujafika, au umefika na haufanyi kazi, ruta ya 4G au 5G ni msaada wa kweli, na haihitaji kungoja fundi wa kuchimba. Lakini mnara nao hugawanywa kwa wote walio chini yake. Mtaa mzima ukihamia kwenye mnara mmoja, mtaa mzima utakuwa umehamisha tatizo lake tu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kununua ruta hiyo kwa kusadiki tangazo; amwulize kwanza jirani aliyekwisha kuinunua, tena amwulize ya saa mbili ya usiku.

Wa tatu ni setilaiti za kizazi kipya. Hizi hazikai kilomita 36,000. Zile za Starlink huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, na kwa hiyo ule ukawiaji wa zamani umeondoka kwa sehemu kubwa. Rwanda iliipokea huduma hiyo Februari 2023, na Kenya Julai 2023. Yaliyotokea Kenya yanastahili kusomwa na kila mpangaji wa mambo haya. Mwanzoni vyombo vyake viliuzwa karibu shilingi 90,000 za Kenya, bei isiyoshikika kwa mwananchi wa kawaida. Mwaka 2024 vikashuka hadi kiasi cha nusu yake, na ada ya mwezi ikaanzia shilingi 1,300 kwa gigabaiti 50. Mwezi Julai wa mwaka huo Safaricom iliiandikia mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni peke yao bali zishirikiane na kampuni zilizomo nchini. Lakini miezi michache baadaye kampuni hiyo hiyo ilipandisha kasi ya faiba yake ya majumbani bila kupandisha bei. Mteja aliyekuwa akilipa shilingi 2,999 kwa megabiti 10 alipewa 15.

Tunauliza: megabiti zile tano zilikuwa wapi siku zote? Hazikuletwa na mkongo mpya wala na muujiza. Zililetwa na hofu ya mteja kuondoka. Hapo ndipo penye thamani kubwa ya mbadala: humsaidia hata yule asiyeutumia.

Lakini tusidanganyike tukadhani kwamba anga halijai. Mnamo Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na katika kaunti za jirani, kwa sababu nafasi ilikwisha, na haikufungua tena hadi mwaka 2025. Setilaiti yafaa mno kwa shule ya kijijini, zahanati ya kisiwani na shamba lililo mbali na nguzo. Kwa mji wenye watu waliosongamana, waya wa faiba uliotunzwa vizuri ndio wenye nafasi kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi. Tena njia kuu ya taifa haiwezi kuachwa mikononi mwa mwenye mali mmoja aliye ng'ambo, ambaye akipandisha bei au akifunga mlango hakuna wa kumwita mezani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asibomoe jiko lake kwa kuwa mgeni amekuja na chakula.

MBADALA USIOTANGAZWA

Uko mbadala wa nne ambao hautangazwi katika mabango, kwa kuwa hauna kampuni kubwa ya kuutangaza, nao ni ushirika wa watumiaji wenyewe. Katika vijiji vya Lancashire, Uingereza, ambako kampuni zilisema hakuna faida ya kupeleka faiba, wakulima walianzisha chama chao kiitwacho B4RN mwaka 2011. Walipitisha waya katika mashamba yao bila kutoza fedha, wakachimba mitaro kwa mikono na trekta zao wenyewe, na wakajipa kasi ya gigabiti moja kwa pauni 30 kwa mwezi, wakati miji mikubwa ilikuwa bado ikiota kasi hiyo. Huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika ya Kusini, wanakijiji walisajili ushirika wa Zenzeleni mwaka 2014, wenye mitambo inayotumia nguvu ya jua. Karibu zaidi na kwetu, Kibera mjini Nairobi, vijana wa Tunapanda walijenga mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana, na mwaka 2021 Kenya ikaweka utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya jamii, ili kundi dogo lisitozwe ada za kampuni kubwa.

Hatusemi kwamba kila mtaa uwe kampuni ya simu. Twajua ushirika ulioanzishwa kwa shangwe na kufa kwa kukosa mtunza hesabu. Lakini nyumba ishirini zilizo katika barabara moja zikinunua huduma moja ya kibiashara, yenye mkataba wenye masharti ya kweli, na kugawana kwa utaratibu unaoruhusiwa na sheria, zitakuwa na sauti ambayo nyumba moja haiwezi kuwa nayo. Umoja ni nguvu, na mteja mmoja ni namba tu katika daftari.

HESABU YA MLIPAJI

Sasa na tupige hesabu, kwa mfano tu, ili jambo lionekane. Mtu analipa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,000 kwa siku. Mwezi huo intaneti inalala siku sita. Katika siku hizo ananunua kifurushi cha shilingi 2,000 kila siku ili kazi isisimame. Mwisho wa mwezi ametoa shilingi 72,000, na kati ya hizo shilingi 12,000 amezilipa kwa huduma ambayo hakuipata. Hapo hatujahesabu kazi iliyochelewa wala mteja aliyekwenda kwa mwingine.

Mwaka 2018 Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka shabaha kwamba kufikia mwaka 2025 bei ya huduma ya chini isizidi asilimia mbili ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Tukikitumia kipimo hicho kwa mtu apataye shilingi 400,000, ni shilingi 8,000. Msomaji na ailinganishe na ankara yake mwenyewe.

Hasara ile ya siku sita, basi, ni nani anayeibeba? Anaibeba mlipaji, ambaye hawezi kuuzika waya kina kirefu, wala kununua njia ya pili, wala kuweka betri katika kisanduku cha mtaa. Na yule awezaye kuyafanya hayo yote hapotezi kitu. Madhali mambo yako hivi, hakuna sababu ya kumfanya aharakishe. Kosa halimo katika roho mbaya ya mtu fulani. Limo katika mzani, ambao umeweka uzito upande usiokuwa wake.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twasema mambo manne.

La kwanza, fidia itolewe bila kuombwa. Uingereza ilianza utaratibu huo tarehe 1 Aprili 2019: huduma ikikatika na isirudishwe baada ya siku mbili kamili za kazi, mteja wa kampuni iliyojiunga hulipwa kwa kila siku inayozidi, na fedha hupunguzwa katika ankara yake pasipo kuandika barua. Mwanzoni ilikuwa pauni 8 kwa siku. Sisi hatudai pauni nane. Twadai angalau siku isiyo na huduma isitozwe.

La pili, kipimo kiwe cha kweli. Mwuza nyama mzani wake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na pampu ya petroli hutiwa alama. Mamlaka ya Mawasiliano nayo inazo kanuni za ubora wa huduma. Basi kanuni hizo zishuke hadi mlangoni: kila mkataba useme kasi ya chini ya saa za usiku, si kasi ya juu ya saa kumi alfajiri.

La tatu, mtaro uchimbwe mara moja. Barabara inapojengwa, bomba la nyaya liwekwe humo tangu mwanzo na kila kampuni ilipie nafasi. Kuchimba ndiyo gharama kubwa katika kazi ya faiba, na ni aibu kuona barabara moja ikichimbwa na watu watatu kwa miaka mitatu.

La nne, mlango wa ushindani ufunguliwe kwa wakubwa na kwa wadogo, kwa masharti yanayojulikana na kwa muda unaojulikana, ili anayeomba leseni ajibiwe ndiyo au hapana.

Kampuni zitasema kwamba haya yatapandisha bei. Jibu letu ni kwamba bei imekwisha kupanda. Ila inalipwa kimyakimya, kwa vifurushi vya dharura na kwa siku zilizopotea, nayo haiandikwi katika hesabu za mtu yeyote. Fidia haiongezi hasara hiyo. Huihamisha tu kutoka kwa asiyeweza kuizuia hadi kwa anayeweza, na akiisha kuibeba mwenyewe atajua upesi ni betri ngapi zinahitajika na waya uzikwe kina gani.

Hadi siku hiyo ifike, twawashauri wasomaji wetu: lipeni kwa mwezi na si kwa mwaka mpaka huduma ijithibitishe, wekeni betri ndogo ya kuiendesha ruta umeme unapokatika, kwani ruta hula umeme kidogo, andikeni kila siku ya ukimya, na mpelekapo malalamiko, pelekeni pamoja na jirani zenu.

Ahadi ni deni. Anayepokea fedha ya siku thelathini anadaiwa siku thelathini, na deni hilo halilipwi kwa ujumbe wa kuomba radhi.